Mtoto wa Jicho

Njia kuu ya misafara ya zamani ilianza Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo penye jua kali na maji machache, ikafika Unyanyembe, yaani hapa petu Tabora, kisha ikaendelea upande wa magharibi mpaka Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita mwaka hata mwaka, pembe za ndovu mabegani. Mwanafunzi asomaye habari za njia hiyo husikia mara nyingi juu ya homa, na kiu, na vidonda vya miguu. Machache husemwa juu ya macho. Walakini alikuwapo msafiri mmoja aliyeipita njia hii karibu kipofu, naye alikuwa ametoka nchi ya mbali kwa kusudi la kuja kuona tu. Huyo ni Mwingereza John Hanning Speke.

Speke na mwenzake Richard Burton waliwasili Tabora, ambayo wakati ule wao waliijua kwa jina la Kaze, tarehe 7 Novemba 1857. Walipokewa kwa heshima na Waarabu waliokuwa wakikaa hapa, hasa Snay bin Amir, wakapumzika, kisha wakashika njia ya Ujiji. Njiani miguu ya Burton ikafa ganzi, hata ikawa lazima achukuliwe na watu. Speke naye akapatwa na ugonjwa wa macho. Macho yalimwuma, hayakustahimili mwanga, na kusoma ikawa haiwezekani. Hata tarehe 13 Februari 1858 msafara ulipanda kilima, na ziwa likaonekana chini yao. Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Uyao aliyekuwa pamoja nao, ndiye aliyewaambia kwamba mng'ao ule ni maji. Watu wote wakatazama. Speke aliona ukungu na mwangaza tu. Mfikirieni mtu aliyetembea karibu miezi minane ili kuliona ziwa, akafika, akasimama mbele yake, asilione!

Msidhani kwamba alibaki hivyo. Macho yake yalipata nafuu kidogo kidogo, na tarehe 3 Agosti mwaka ule ule wa 1858 aliliona ziwa kubwa la kaskazini, Nyanza, ambalo aliliita Victoria. Bado yalikuwa dhaifu, hata katika safari ile alivaa miwani yenye rangi ya kijivu ili kupunguza ukali wa jua. Lakini watu walimsonga kumchungulia kwa ajili ya kitu kile kigeni usoni pake, ikambidi aivue. (Habari ya mdudu aliyemwingia sikioni ni hadithi nyingine, nayo si ya somo hili.)

Nimeanza na Speke kwa sababu moja. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuvimba na kuuma. Ulikuja kwa haraka, ukaondoka taratibu, wala hakuna kisu kilichogusa jicho lake. Mtu akisikia hivyo aweza kusema, "Basi kila asiyeona na angoje, ataona." Hilo ni kosa, na limewapofusha watu wengi. Kutokuona si ugonjwa mmoja. Chumba chaweza kuwa na giza kwa sababu dirisha limefungwa. Na chumba kingine dirisha lake li wazi kabisa, ila aliyemo ndani amelala, haoni kitu. Atazamaye kwa nje asema vyote viwili vina giza. Fundi anayetaka kusaidia hana budi kujua kwanza ni giza la namna gani.

Na tulitazame jicho lenyewe. Mbele kabisa pana utando mgumu kidogo, safi kama kioo, uitwao konea. Nyuma yake pana duara lenye rangi, na katikati ya duara pana tundu jeusi tuliitalo mboni. Mboni hupanuka gizani na kufinywa mwangani. Jaribuni kutazamana karibu na dirisha, mtaliona jambo hilo wenyewe. Nyuma ya mboni pana lenzi, kitu kidogo mfano wa punje ya dengu, kipana kama kifungo cha shati, kisicho na damu ndani yake wala rangi. Kazi yake ni kuukusanya mwanga. Na ukuta wa nyuma kabisa wa jicho umefunikwa na utando mwororo uitwao retina, ambao hupokea sura za vitu na kuzipeleka kwenye ubongo.

Ukitaka kujua mtoto wa jicho ni nini, chukua yai bichi, ulivunje. Ute wake waonekana kama maji. Weka kidole nyuma ya ute huo, utakiona. Uchemshe, nao utageuka kuwa mweupe, wala hutaona kitu nyuma yake. Lenzi hugeuka namna hiyo hiyo, si kwa moto bali kwa miaka, au kwa pigo la jicho, au kwa maradhi mengine ya mwili. Mboni iliyokuwa nyeusi huonekana ya kijivu, na mwisho nyeupe. Haiumi, haiwashi, haitoi machozi. Ndiyo sababu watu huichelewesha.

Wengine huichanganya na chamba, yaani doa jeupe juu ya konea, mbele ya jicho. Chamba ni kovu, na mara nyingi kimeletwa na kidonda, au na dawa za majani zilizotiwa jichoni kwa nia njema. Tena kuna vikope, ugonjwa uliowatesa sana watu wa Ugogo, hasa Kongwa, ambako wataalamu waliuchunguza kwa miaka mingi tangu miaka ya 1980: kope hugeukia ndani na kukwaruza konea kila mtu akipepesa macho. Na kuna presha ya jicho, inayoharibu mshipa unaokwenda kwenye ubongo. Ukisha kuharibika haurudi. Katika hayo yote mtoto wa jicho ndiye anayepofusha watu wengi kuliko wote duniani. Naye ndiye ambaye kisu chaweza kumwondoa na kurudisha kuona.

Sasa nitawasimulia mambo ya nyumbani kwangu. Mke wangu ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitie chumvi.

Alikuwa na miaka 44. Kwanza alishindwa kutunga uzi katika sindano, akawa akimwita binti yetu amtungie. Hilo halikutushangaza, kwa kuwa wengi wenye umri wetu huwa hivyo. Halafu tukaanza kuuma mawe katika wali. Mke wangu amelelewa katika nyumba ambamo jiwe moja katika wali ni aibu, naye alipepeta na kuchagua kwa uangalifu ule ule wa siku zote. Lakini mawe yalizidi. Watoto walinyamaza, nami nikanyamaza. Majirani wakipita asubuhi wakimwamkia "Mwangaluka," alijibu kwa kufuata sauti, na siku mtu alipopita bila kusema kitu, alipita kama mgeni. Wengine walinung'unika kwamba mke wa mwalimu amekuwa na kiburi.

Jambo lililonitatiza zaidi ni hili: saa sita mchana, jua likiwaka, alipapasa, na jioni jua likitua aliona afadhali. Nilidhani ni uchovu wa moyo. Kumbe sababu yake ni rahisi, na ninyi mwaweza kuifahamu kwa yale tuliyokwisha kusema. Mtoto wake wa jicho alikuwa amekaa katikati ya lenzi upande wa nyuma. Mchana mboni hufinywa ikawa ndogo, na njia iliyobaki ni ile ya katikati tu, penye utusitusi. Jioni mboni hupanuka, na mwanga hupita pembeni palipo safi. Usiku nako taa za pikipiki barabarani zilimchoma kama miiba, kwa kuwa mwanga mkali ukipiga kitu cheupe hutawanyika pande zote.

Mashauri hayakukosekana. Jirani yetu mzee mmoja, mtu mwema, naye mwenyewe jicho lake moja limekwisha kuwa jeupe, alisema kwamba mtoto wa jicho hukatwa akisha kuiva, na huyu bado. Shauri hilo lilikuwa la kweli zamani, wakati waganga walipongoja lenzi iwe ngumu ndipo waitoe. Leo hakuna haja ya kungoja. Mtu akishindwa kufanya kazi zake, wakati umefika. Mwingine alileta majani ya kukamua. Mke wangu aliyapokea kwa shukrani, akayaweka juu ya kabati, yakakauka huko. Shangazi yangu akasema ale maembe mabivu kwa wingi. Hilo si neno baya: embe bivu lina chakula cha macho kiitwacho vitamini A, na mtoto mdogo akiikosa hiyo aweza kupofuka. Lakini hata gari zima la maembe ya Tabora halitaisafisha lenzi iliyogeuka.

Tukaenda hospitali. Daktari wa macho alimwonyesha ubao wenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku, amwonyeshe kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Kwa jicho la kushoto aliona mistari mitatu. Kwa jicho la kulia hakuuona hata ubao; alihesabu vidole vya daktari kwa umbali wa hatua moja tu. Kisha wakatoboa kidole chake wakapima damu, na hapo tukapata habari tusiyoitazamia: alikuwa na kisukari, wala hakujua. Ugonjwa huo huharakisha mtoto wa jicho, ndiyo sababu ukamjia akiwa bado na nguvu zake. Na una ubaya wa pili. Hudhuru mishipa midogo ya damu katika retina, kule nyuma.

Nanyi mmekwisha kuona shida iko wapi. Dirisha laweza kufunguliwa, lakini je, aliyemo ndani yu macho? Daktari hakuweza kuiona retina ya jicho la kulia, kwa maana lenzi nyeupe ilimzuia yeye vile vile kama ilivyomzuia mke wangu. Mmoja alikuwa upande huu wa pazia, na mwingine upande ule. Basi akachukua tochi ndogo, akaziba jicho la kushoto, akaimulika kutoka pande mbalimbali.

"Mama, mwanga unatoka wapi?"

"Juu."

"Na sasa?"

"Upande wa pua."

"Na sasa?"

Mke wangu alikawia, kisha akasema, "Chini." Alijibu sawasawa kila mara. Daktari akafurahi, akaeleza kwamba retina bado inaitika. Nikamwuliza, "Daktari, ataona?" Akajibu, "Mwalimu, kutambua mwanga ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine. Natumaini ataona kuliko anavyoona leo. Kwa kiasi gani, siwezi kuahidi mpaka niitoe hii lenzi nitazame ndani." Nilitamani aseme neno zaidi ya hilo. Mke wangu alitosheka nalo kuliko mimi, alisema, "Nikiona mawe katika mchele, yanitosha."

Hakukatwa siku ile. Sukari ya damu ilikuwa juu mno, na kidonda cha mtu mwenye sukari nyingi hupona kwa shida na huingiwa na usaha upesi. Alipewa vidonge, akaacha sukari katika chai, akapunguza ugali na kuongeza mboga. Majuma sita yakapita hivyo.

Katika majuma yale nilimsomea jioni habari za tiba hii. Zamani sana, katika Bara Hindi na nchi nyingine nyingi, waganga walichukua sindano wakaichoma pembeni mwa jicho na kuisukuma lenzi iangukie ndani. Mgonjwa aliona kidogo papo hapo, akafurahi, akalipa. Na baada ya siku chache wengi walivimba macho na kupofuka kabisa, mganga akiwa amekwisha kwenda mji mwingine. Hapo mke wangu alinikataza kuendelea mpaka kesho yake. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel aliacha kuisukuma lenzi, akaikata konea pembeni akaitoa nje. Huo ulikuwa mwanzo mpya. Walakini jicho lisilo na lenzi haliukusanyi mwanga vema, basi waliotolewa lenzi walivaa miwani minene kama chini ya chupa, na mtu akiivunja miwani yake alirudi kupapasa.

Aliyelimaliza tatizo hilo ni Harold Ridley, daktari wa London. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitibu marubani ambao vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege viliwaingia machoni, akaona kwamba vipande vile vyakaa ndani ya jicho bila kulifanya livimbe. Akafikiri: kwa nini nisitengeneze lenzi ya kitu hicho hicho? Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', alimtia mgonjwa lenzi ya kwanza ya namna hiyo. Madaktari wakubwa wengi walimpinga kwa miaka mingi, wakisema ni wazimu kutia kitu kigeni katika jicho. Mgonjwa yule wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka 45. Mke wangu alipenda sana habari hiyo, akanifanya niirudie.

Siku ya kukatwa ilifika. Mashine ilipima urefu wa jicho, kwa kuwa kila jicho huhitaji lenzi ya kipimo chake. Alitiwa dawa ya matone ya kupanua mboni, kisha sindano ya ganzi kando ya jicho. Alisema baadaye kwamba hiyo sindano ndiyo peke yake iliyouma. Alilala macho, akisikia kila neno. Uso ulifunikwa kwa kitambaa chenye tundu moja. Daktari, akitazama kwa hadubini, alifungua mlango mdogo usiozidi punje ya mahindi kwa upana, akapasua mfuko mwembamba uishikao lenzi, akaitoa lenzi iliyogeuka, akaosha mabaki, akatia mpya mahali pale pale. Mlango wa namna hiyo hukatwa kwa ufundi hata hujifunga wenyewe, hauhitaji uzi. Kazi yote haikufika nusu ya saa. Mimi nilikuwa nje chini ya mwembe, na kwangu ilikuwa siku nzima.

Asubuhi ya pili muuguzi alifungua kitambaa. Mke wangu alifumba, akafumbua, akafumba tena. Kwanza alisema, "Ukuta ni wa rangi ya buluu." Ulikuwa buluu kweli, kwa miaka miwili alikuwa akiona rangi zote kama zimepakwa majani ya chai. Kisha akanigeukia, akanitazama kitambo. "Mwalimu," akasema, "mvi hizi umezipata lini?" Muuguzi akacheka, nami sikuweza kujibu.

Daktari hakucheka bado. Alilitazama jicho kwa taa yake, safari hii mpaka nyuma kabisa, akatuambia alichokiona: retina ni nzima kwa sehemu kubwa, ila kuna madoa machache madogo ya damu, alama za kisukari. Hayakuwa katikati panaposomewa. Yakiongezeka yataharibu kazi yote, na hakuna lenzi mpya itakayofaa hapo. Kwa hiyo ataangaliwa kila baada ya miezi sita, na sukari yake itapimwa siku zote za maisha yake. Tulikwenda hospitali kwa ajili ya jicho, tukarudi na kazi ya mwili mzima.

Nyumbani aliamriwa kutia matone mara nne kila siku kwa mwezi mmoja, asilisugue jicho, asiinamie moto wenye moshi, asijitwike ndoo ya maji. Amri ya ndoo ndiyo iliyomshinda kuliko zote, ikabidi wanangu wa kiume waamke kabla yake na kujaza mtungi. Juma la pili alitwaa ungo akaketi barazani saa sita, jua likiwaka, akachagua mchele. Baada ya majuma sita alipewa miwani ya kusomea, maana lenzi ile imewekwa kwa kutazama mbali na haijinyooshi kama ya asili. Sasa hutunga uzi mwenyewe, miwani puani.

Jicho la kushoto litakatwa mwezi wa Julai, karanga zikisha kuvunwa. Mzee jirani yetu alikuja juzi, akakaa kimya muda mrefu akimtazama mke wangu akipepeta, kisha akaniuliza kama katika pikipiki tutakayoikodi siku hiyo hapana nafasi ya mtu mmoja zaidi. Nimemwambia tutakodi mbili.